Mlima Elgon na Muhuri wa Baraza

Mtu asimamaye mjini Kitale asubuhi isiyo na mawingu, akielekeza uso wake magharibi, huuona Mlima Elgon. Naye aliye mjini Bungoma huuona mlima uo huo upande wa kaskazini. Kilele chake kilicho kirefu kupita vyote, Wagagai, chafikia mita 4,321 nacho kiko upande wa Uganda. Mvua inyeshayo juu yake hugawanyika kwa njia nyingi. Mto Suam hushuka kaskazini na maji yake huishia Turkwel katika nchi kame. Lwakhakha, Malakisi na Kuywa huteremka katika mashamba ya Bungoma. Mto Nzoia hukusanya maji ya Elgon pamoja na yale ya vilima vya Cherangani, hupita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, na mwisho huingia Ziwa Victoria karibu na Budalangi. Kwa sababu hiyo shamba la mahindi la Kiminini, kisima cha Kimilili na tuta la kuzuia mafuriko huko Budalangi vyote hutegemea mlima mmoja.

Si ajabu, basi, kwamba kila kizazi cha watawala kimeleta mpango wa kuuhifadhi au kuuponya mlima huu. Kila mpango ulikuja na ramani, hesabu za miche, na mahali pa kutiwa sahihi. Lakini mipango mingine ilizaa matunda na mingine ilizaa ugomvi. Yafaa wakulima na makarani wa wilaya hizi waichunguze sababu yake, kwa kuwa mipango ya namna hiyo yaendelea kuletwa mbele ya mabaraza yao hadi leo.

AMRI ZA ZAMANI

Katika miaka ya 1930 na 1940 Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu kubwa juu ya mmomonyoko wa udongo. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, hasa mahali ambapo watu wengi walisongamana katika ardhi ndogo baada ya nchi nyingine kugawiwa walowezi. Mabwana shamba walitoa amri: chimbeni matuta, ng'oeni magugu, punguzeni mifugo. Aliyekataa alitozwa faini.

Kule Kimilili, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alikuwa miongoni mwa watu waliokataa amri ya kung'oa magugu. Bila shaka dini ile ilikuwa na madai makubwa kuliko magugu. Wafuasi wake walitaka ardhi irudishwe na watawala wa kigeni waondoke. Mnamo Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi huko Malakisi na watu wakafa. Masinde alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1947, watu wa Murang'a nao waliacha kazi ya kuchimba matuta waliyolazimishwa.

Jambo la kukumbukwa ni hili: tuta lililochimbwa kwa ustadi huzuia udongo, awe nani aliyeamuru lichimbwe. Maarifa ya mabwana shamba wale mara nyingi yalikuwa sahihi. Lakini mkulima aliyeona ndugu zake wakifanywa vibarua na maskwota katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia hakuweza kuliona tuta kama tuta tu. Kwake lilikuwa kazi ya kulazimishwa na mtu aliyekwisha kumnyang'anya sehemu iliyo bora. Hivyo kazi iliyokuwa na faida ya kweli ilichukiwa kwa sababu ya namna ilivyoletwa.

MUHURI WA MWAKA 2000

Wengine watasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakoloni, na kwamba baraza la wenyeji lenyewe likishakubali, mambo huwa shwari. Habari za Chepkitale zaonyesha kwamba sivyo.

Chepkitale ni nchi ya nyasi na vichaka iliyo juu ya ukanda wa misitu ya Elgon. Waogiek wa mlima huo wameishi humo kwa mifugo yao, kwa mizinga ya nyuki na kwa mazao ya msitu. Msitu wa Mlima Elgon ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932, na Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, yenye kilomita za mraba 169, ilianzishwa upande wa Trans Nzoia mwaka 1968. Chepkitale yenyewe ilibaki kuwa ardhi ya amana, maana yake baraza la kaunti liliishika kwa niaba ya wakazi wake. Kutoka mwisho wa miaka ya 1960 Serikali ilikusudia kuwashusha wakazi hao mpaka makazi mapya ya Chebyuk.

Mwezi wa Juni 2000 tangazo la Serikali lilitoka kwamba Chepkitale, hekta 17,200, imekuwa Hifadhi ya Taifa. Kwa sheria ya wakati ule waziri alipaswa kushauriana na baraza lililokuwa na mamlaka juu ya ardhi, nalo lilikuwa Baraza la Kaunti ya Mlima Elgon. Kwenye karatasi, basi, mambo yalikuwa yamekamilika. Lakini wakazi wa Chepkitale walisema kwamba wao wenyewe hawakuulizwa neno. Walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa. Wakarudi, wakafukuzwa tena.

Shauri hilo lilifika mahakamani mwaka 2008, na mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba ardhi ya Chepkitale ni ya jamii ya Waogiek, na kwamba kuigeuza kuwa hifadhi bila kuwashirikisha kulikwenda kinyume cha haki. Kutoka tangazo hadi hukumu ilipita miaka 22. Katika muda huo askari wa wanyama, wazee wa jamii na maofisa wa baraza walitumia nguvu zao kushindana, wakati wenye misumeno na tanuri za makaa walipata nafasi ya kufanya kazi yao gizani.

Chini kidogo ya hapo, katika makazi ya Chebyuk, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Orodha za waliopewa mashamba zilibatilishwa na kuandikwa upya, kila kundi likidai kudhulumiwa. Kutoka 2006 mpaka 2008 kundi la watu wenye silaha lililojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Sabaoti lilitawala vijiji kwa mauaji na kukata watu masikio. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa. Mwezi wa Machi 2008 jeshi la Serikali liliingia, na wanaume wengi wakakamatwa, na wengine wakateswa. Ardhi ndiyo iliyokuwa chimbuko la hayo yote, pamoja na orodha ambazo wananchi hawakuziamini.

SHERIA ZILIZOANDIKWA NA WENYEJI

Kuna habari nyingine ya kutia moyo kutoka Chepkitale iyo hiyo. Mwaka 2013, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, Waogiek wa huko walikaa katika mikutano yao na kuziandika kanuni zao za zamani za kutunza ardhi. Kanuni hizo zakataza kuchoma makaa, zakataza ujangili, na zakataza kilimo cha biashara katika nchi ile ya juu. Wenye kuvunja kanuni hushtakiwa mbele ya wenzao.

Msomaji na aone tofauti. Katazo la makaa si jambo geni. Serikali imelitoa mara nyingi. Lakini mtu aliyekaa katika mkutano akainua mkono wake kukubali kanuni hawezi kudai kesho kwamba haijui, na jirani yake atamkumbusha hata kabla askari wa msitu hajafika.

Haifai, hata hivyo, mtu adhani kwamba kila mwenyeji ni mlinzi wa msitu kwa kuzaliwa kwake. Wako wenyeji waliokata mierezi na miti ya teki ya Elgon na kuuza mbao zake usiku. Wako waliolima mpaka ukingoni mwa mto. Tena mlima una wenyeji wa aina nyingi: Msabaoti aliyelimia mteremko wa Kapsokwony, Mbukusu wa Kimilili anayeyatumia maji ya mto, mkulima wa Endebess ambaye tembo huyatembelea mahindi yake wakati wa kuvuna, na mvuvi wa Budalangi asiyewahi kuuona msitu wenyewe. Wote wana haki katika shauri hili. Ndiyo maana shauri lahitaji baraza, wala haliwezi kuachiwa kijiji kimoja.

MLIMA WENYE NCHI MBILI

Mlima Elgon hauheshimu mpaka. Tembo wanaoingia katika pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao hawaulizi pasipoti. Mwezi wa Machi 2010 mlima ulimeguka katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa upande wa Uganda, ukafunika watu zaidi ya 100. Mvua ilikuwa kubwa, lakini miteremko mikali iliyokwisha kuondolewa miti ilizidisha hatari. Upande wa Kenya nao mafuriko ya Nzoia yamebomoa matuta ya Budalangi mara nyingi, na mwaka 2020 maelfu ya watu walihama makwao.

Kwa sababu hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mwaka 2005 mpango wa hifadhi wa Mlima Elgon kwa pande zote mbili, ukisaidiwa na Norway na shirika la IUCN. Baadaye uliwekwa chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Mpango huo ulijaribu kuwaunganisha maofisa wa nchi mbili, na kuwasaidia wanakijiji wapate kipato kisichokuwa cha kukata msitu. Hilo lilikuwa wazo jema. Lakini mradi wa wafadhili una tarehe ya kwisha, na mche uliopandwa leo wataka miaka mingi ya ulinzi. Pesa za kulipa walinzi na vitalu katika miaka hiyo mingi hazina budi kutoka katika makisio ya kaunti yenyewe.

KAZI YA BARAZA LA LEO

Tangu mwaka 2013 mabaraza ya zamani yamekwisha, na mahali pake pamesimama mabunge ya kaunti. Bungoma ina wadi 45, Trans Nzoia ina wadi 25, na kila wadi ina mwakilishi wake, ambaye wazee wengi bado humwita diwani. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutekeleza siasa ya Taifa katika mambo ya mazingira, pamoja na hifadhi ya udongo na maji na misitu. Kifungu cha 196 cha Katiba hiyo chalazimisha bunge la kaunti kufanya kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi.

Mambo haya yana majira yake kama kilimo kilivyo na majira. Mpango mkubwa wa kaunti ni wa miaka mitano. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya siasa ya fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari, na makisio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya uanze Julai. Mkulima anayekuja mwezi wa Juni kulalamika kwamba kijito chake hakikutengewa fedha amechelewa, sawa na mtu apandaye mahindi baada ya mvua kupita. Karani anayejua tarehe hizi afanya wema mkubwa akizibandika kanisani, msikitini, sokoni na katika ofisi ya chama cha ushirika.

Serikali ya Taifa nayo ilitangaza mwezi wa Desemba 2022 shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, ili nchi ifikie asilimia 30 ya ardhi yenye miti. Hesabu iliyofanywa 2021 ilionyesha asilimia 12.13. Shabaha kubwa kama hiyo ina hatari yake. Ofisa aliyeagizwa kupanda miche 100,000 aweza kuipanda siku moja mbele ya wapiga picha, kisha mbuzi wakaimaliza kabla ya Krismasi. Ripoti itasema 100,000, na mlima utabaki vilevile.

MASWALI YA KUULIZA

Mpango wa kuponya mlima, mto au kinamasi ukiletwa katika mkutano wa wadi, mwananchi asiridhike na hotuba. Yafaa aulize mambo manne.

Kwanza, mipaka iko wapi? Aombe kuonyeshwa ramani, na kuambiwa mipaka hiyo yapita katika mashamba ya nani. Ugomvi wa Chepkitale ulianza kwa mpaka ambao watu waliusikia baada ya kuchorwa.

Pili, ni miti gani, na itapandwa wapi? Mkaratusi hukua upesi na huleta pesa ya nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na chemchemi. Mahali pake ni mlimani pakavu mbali na maji. Ukingoni mwa mto yafaa miti ya asili, mianzi na majani ya kushika udongo. Lusiola na murembe, ambayo Wabukusu wameijua tangu mababu, haikausha kijito. Mfano wa thamani ya kinamasi upo karibu na Kitale: Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kupita zote katika Kenya, kadiri ya kilomita 3 za mraba, ilitengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, paa aishiye majini. Kinamasi hicho chaweza kubaki hai ikiwa tu wakulima walio juu yake hawakikaushi.

Tatu, mkulima atapata nini, na atapoteza nini? Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake. Kwa mwenye ekari 5 hiyo ni nusu ekari, na nusu ekari si kitu kidogo kwa mwenye watoto wa kulisha. Lakini miti hiyo yaweza kusimama mipakani na juu ya matuta bila kula nafasi ya mahindi. Mgrivilea hutoa mbao na kuni. Kaliandra hulisha ng'ombe wa maziwa. Majani ya nepia hushika ukingo wa tuta. Shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry, lililoanza kazi yake magharibi mwa Kenya mwaka 1983, liliwafundisha maelfu ya wakulima wa Kitale na Kisumu njia hizo. Mwezi wa Januari 2014 mradi wao ulipata hati za kwanza za hewa ya ukaa zilizotokana na kutunza udongo wa mashamba katika Afrika. Pesa za hati hizo, zikigawanywa kwa kila mkulima, zilikuwa kidogo. Faida kubwa ilikuwa udongo wenye rutuba na mavuno yaliyoongezeka. Mtu akiahidiwa utajiri wa hewa ya ukaa, asikie kwa sikio moja, na kwa sikio la pili aulize habari za mavuno.

Nne, nani ataangalia baada ya sherehe? Mpango utaje jina la kikundi kitakachopalilia, fedha zitakazolipa kitalu, na siku ambayo miche itahesabiwa tena. Vyama vya jamii vya misitu, vilivyotambuliwa na sheria ya misitu ya 2005 na ya 2016, vina haki ya kutia sahihi mapatano na Shirika la Misitu. Chama kisicho na mapatano yaliyoandikwa hufukuzwa msituni siku ofisa mpya afikapo.

Mwakilishi wa wadi naye ana jambo lake la kukumbuka. Sahihi yake huwafunga watu ambao hawamo chumbani. Baraza la mwaka 2000 lilikuwa na muhuri, na muhuri huo haukuzuia miaka 22 ya mashtaka. Kabla hajainua mkono kuafiki mpango wowote, na apande kwanza mpaka kwa wale ambao mpango utawagusa zaidi, akae nao chini ya mti wao, awasikilize kwa lugha yao, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema, hata yakiwa ya kupinga. Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibikiwi neno. Lakini wengi hao hawana budi kuwapo kabla neno halijakatwa.

Mvua za masika hufika Trans Nzoia na Bungoma kuanzia mwezi wa Machi. Vitalu huanza kutiwa mbegu miezi kadhaa kabla yake. Basi mwenye nia ya kupanda asingoje mpango wala mkutano: achague mstari mmoja ukingoni mwa shamba lake, achimbe mashimo wakati udongo ungali mkavu, na aandike mahali fulani hesabu ya miche atakayopanda. Mwaka wa pili aihesabu tena. Hesabu hiyo ya pili ndiyo yafaa kupelekwa barazani.